Mwili Mzima kwa Elfu Kumi

Bima ya afya ya nyumbani kwetu ina nafasi sita, na nafasi ya sita ilitukalisha kikao. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi hapa Morogoro, kwa hiyo mchango wangu katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni asilimia 6 ya mshahara: 3 zinatoka kwangu na 3 kwa mwajiri. Kwa mchango huo tunatibiwa mimi, mwenzi wangu na wategemezi wanne. Watoto wetu watatu walishika nafasi tatu. Iliyobaki ilikuwa na mama wawili: mama yangu mzazi, mkulima wa machungwa Muheza, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye hapa Kihonda. Wifi alikuja na hoja kwamba mama yao ana presha, na haitapendeza akae nyumba moja na wenye kadi huku yeye hana. Mume wangu akatazama chini. Nikampigia mama simu mbele yao, nikaweka spika. Akasema, "Mpeni mwenzangu. Mimi huku nina CHF yangu." Ndiyo ile CHF iliyoboreshwa, Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa inalipia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kikao kikaisha hapo, na chai ikaletwa.

Naanza na kadi kwa sababu masaibu ninayoyasimulia yalitokea kwenye nyumba yenye kadi.

Siku moja mama mkwe na wifi walikwenda sokoni kununua dagaa, wakarudi na dagaa na bunda la karatasi. Kando ya barabara walikuta hema jeupe, vijana wawili wamevaa makoti ya kidaktari, na spika inatangaza: mwili mzima kwa elfu kumi tu, majibu papo hapo, hakuna kutoboa wala kutoa damu. Unashika kifimbo cha chuma kwa muda wa dakika moja, wanajaza umri wako, jinsia na uzito wako kwenye kompyuta, na mashine inachapa. Mama alifurahi kwamba hakuchomwa sindano. Hospitali, alisema, unapanga foleni tangu alfajiri na unatoka umepimwa presha tu.

Baada ya chakula cha jioni mume wangu alivaa miwani akatusomea majibu, kama anavyotusomea barua kutoka shule za watoto. Ini limechoka. Figo ya kulia imechoka zaidi kuliko ya kushoto. Mishipa ya damu ina mafuta. Kongosho inaelekea kwenye sukari. Mifupa haina kalsiamu. Mapafu yana sumu. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya rangi ya kiungo chake, na kila ukurasa ulikuwa na hukumu. Wifi alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni, watoto wameacha kutafuna. Kwenye ukurasa wa mwisho mume wangu akasoma: kizazi kina uvimbe mdogo unaoanza.

Nikamtazama mama. Yeye akatazama sinia.

Mume wangu hakujua, wala wifi hakujua, lakini mimi nilijua: mama hana kizazi. Alitolewa katika hospitali ya misheni wanawe wakiwa shule za bweni, kwa ajili ya uvimbe uliokuwa unamtoa damu nyingi kila mwezi hadi anashindwa kusimama. Aliwaambia amekwenda kusalimia ndugu. Mimi alinieleza miaka mingi baadaye, nilipolazwa kwa kuharibika mimba na yeye akawa anakesha kwenye kiti kando ya kitanda changu. Alinipa siri ile ili nione kwamba mwanamke anaweza kupita pale akasimama tena. Kwa hiyo nilikaa kimya. Siri ya mwili wa mama mkwe si ya mkwe kuitoa mbele ya wanawe, hata kama ukweli wote wa zile karatasi ungeanguka kwa neno moja.

Kesho yake ndipo nyumba ilipobadilika. Mama alitoa hisa zake kwenye kikoba akanunua makopo manne ya virutubisho pale pale hemani, shilingi 180,000. Sukari ikapigwa marufuku kwa wote, hata kwa mtoto wa darasa la pili ambaye hakushika kifimbo chochote. Maharage yakaondolewa kwa sababu yanachosha figo, nyanya kwa sababu zina asidi, nyama kwa sababu ya ini. Dada anayetusaidia kazi alibaki anauliza apike nini, akaambiwa mlenda. Tulikula mlenda. Mume wangu akaanza kula kwa mama lishe kazini na kurudi amekwisha shiba, na wifi, ambaye haishi kwetu, akawa anapiga simu kila jioni kuuliza kama kanuni zinafuatwa.

Haya yote tungeyavumilia. Kubwa lilikuwa kwamba kijana wa hemani alimwambia mama kuwa figo zake zimechoshwa na dawa za hospitali. Mama ana presha ya muda mrefu na alikuwa anameza amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Mimi ni mtu wa hesabu. Niliiona pakiti ya mwezi kwenye kabati na vidonge vyake havikuwa vimepungua. Nikamuuliza faraghani. Akanijibu kwa upole, "Nazipumzisha figo, mwanangu."

Nilimweleza kile ninachokijua. Presha haiumi, ndiyo maana ni rahisi kuamini kwamba imepona. Dawa yake hufanya kazi ukiendelea kuimeza; ukiacha, nguvu yake huisha na presha hupanda tena. Na kinachochosha figo, polepole, kwa miaka, ni presha yenyewe iliyoachwa juu. Alinisikiliza kwa heshima, akafunika kopo la virutubisho. Nikamwambia mume wangu ampeleke hospitali. Akasema mashine imeonyesha figo, sasa mimi na mashine nani anaona ndani? Tukalala tumepeana migongo.

Alfajiri moja mama alishindwa kuinua birika. Kichwa kilimgonga, macho yakamwona kila mtu ni wawili. Hatukungoja daladala, jirani mwenye bajaji alitupeleka hospitali ya mkoa, mume wangu amembeba mama kwenye mapaja. Nesi alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akaita daktari. Ilikuwa 204 kwa 118. Kwa mtu wa kawaida 140 kwa 90 tayari inaitwa presha.

Hapo ndipo niliona kadi inafanya kazi yake. Daktari aliuliza kwanza, tena aliuliza mengi: ameacha dawa lini, anakojoa vipi, mguu umevimba, kifua kinabana, uso umepinda? Kisha akaandika vipimo vichache, kila kimoja kikijibu swali alilokwisha kuuliza: kreatinini kwenye damu kuona figo, protini kwenye mkojo, sukari, na ule mchoro wa umeme wa moyo. Kwenye dirisha la bima nilitoa kadi, nikasaini, basi. Nisingeweza kulipa vyote vile taslimu siku ile, mshahara ulikuwa bado. Majibu yalirudi mchana: figo zote mbili zinafanya kazi vizuri, na moyo haujapata jeraha.

Lakini kabla ya majibu daktari alikuwa ameuliza jambo jingine, akiandika bila kuinua kichwa: "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Mume wangu alikuwa amesimama pale, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na zile karatasi, amezileta amwonyeshe daktari. Mama alinyamaza. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe. Akasema, "Nilitolewa kizazi."

Mume wangu alizitoa karatasi, akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akasoma tena kimoyomoyo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Akauliza, "Mama, sasa hiki chenye uvimbe ni kizazi kipi?"

Daktari aliomba azione. Alizipitia haraka, akamrudishia, akasema chombo kile hakigusi damu wala mkojo, hakina namna ya kujua kilichomo kwenye ini la mtu. Kinapewa umri, jinsia na uzito, nacho kinatunga. Mwanamke wa miaka ile kwa kawaida ana kizazi, basi kikampa na ugonjwa wake. Mume wangu hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani alikaa na mama uani mpaka giza likaingia, na mimi niliwaacha, maana palikuwa na mazungumzo yaliyocheleweshwa miaka mingi. Siku iliyofuata maharage yalirudi mezani.

Ningependa kusema kisa kiliishia hapo. Mume wangu ni mtu wa kufanya jambo kwa ukamilifu, na baada ya kuliacha hema aliikumbatia kadi. Kama bima inalipa, alisema, kwa nini tusipimwe wote, kila kitu, tujue moja? Akatuchukua Jumamosi hadi hospitali binafsi inayopokea kadi, yenye viti laini na maji ya bure. Mimi nilikataa kupimwa. Watoto wawili walikuwa bweni, kwa hiyo ilikuwa yeye, mama, na huyu wetu mdogo ambaye alikuwa anakimbia kwenye korido na hakuwa na homa wala kikohozi. Waliulizwa maneno machache, wakaandikiwa orodha ndefu.

Walirudi na matokeo haya: mtoto ana taifodi, mama ana taifodi, na baba ana taifodi, UTI, na kipimo cha tezi dume kiko juu, 5.8 badala ya chini ya 4.

Kijana wa shemeji yangu anasomea maabara, akaja kutusalimia jioni ile. Alituuliza taifodi wamepimaje. Widal. Akaeleza kwamba kipimo hicho kilibuniwa Paris mwaka 1896 na daktari Fernand Widal, na hakimtafuti mdudu; kinatafuta askari ambao mwili uliwaandaa dhidi yake. Huku kwetu watu wengi wamewahi kukutana na mdudu huyo au jamaa zake, na askari hubaki damuni muda mrefu baada ya vita kwisha. Kwa mtu asiye na homa, jibu la "1:160" mara moja halithibitishi kitu. Uthibitisho wa kweli ni kuotesha damu maabara. Nikazichukua antibayotiki za mtoto nikaziweka kando mpaka daktari wa mkoa alipomwona Jumatatu, akanirudishia zikiwa hazijafunguliwa.

Kwa mume wangu nilitumia ubao wa kufundishia watoto. Maabara huweka mipaka ya kawaida kwa kupima watu wengi wenye afya njema, kisha hukata ncha mbili, ili 95 kati ya 100 waangukie katikati. Maana yake watu 5 wasio na ugonjwa wowote watakuwa nje ya mipaka. Hicho ni kipimo kimoja. Mpe mtu mwenye afya njema vipimo 20 vya namna hiyo, kila kimoja kikijitegemea, uzidishe 0.95 kwa 0.95 mara 20: unapata kama 0.36. Watu 36 kati ya 100 ndio watakaotoka safi kwenye vyote. Wale 64 wengine watarudi nyumbani na angalau jibu moja lililowekewa nyota, na hawaumwi. Alikaa mbele ya ubao akazidisha mwenyewe kwa simu, hatua kwa hatua, mpaka akafika.

Hesabu haikumsaidia kulala, kwa sababu ya lile la tezi dume. Alimpigia kaka yake kuzungumzia kiwanja. Alianza kuniambia hati ziko wapi. Mimi najua uzito wa saratani, wala sisemi mwanamume asipime. Mwenye dalili, au mwenye baba au kaka aliyeugua, aende akazungumze na daktari. Ila kipimo kile cha damu hupanda pia tezi ikivimba tu kwa umri, na hupanda kukiwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo, na mume wangu mkojo ulikuwa unamchoma wiki ile, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kabla ya kumchoma sindano. Alitibiwa, akangoja wiki kadhaa kama daktari wa mkoa alivyoelekeza, akarudia: 2.1. Katikati ya namba hizo mbili nyumba yetu ilikuwa kama msiba.

Watu husema bima imelipa, kana kwamba hela ilitoka mawinguni. Mfuko ule ule ndio unaolipia usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa kabisa, wanaokwenda kulazwa kwenye mashine kila wiki ili waishi. Nikifikiria Widal tatu za nyumba yangu, kwa watu wasio na homa, huwa nawafikiria wao.

Yule kijana wa maabara aliniachia maelezo yake ya chuo. Mna kanuni za kupima watu wasio na dalili, zilizoandikwa mwaka 1968 na Wilson wa Uingereza na Jungner wa Sweden kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani. Zinauliza kama ugonjwa wenyewe ni mzito, kama una kipindi cha kujificha ambacho ukiukamata unasaidia, kama kipimo kinaaminika. Niliyoishika mimi ni ile inayotaka pawe na tiba inayokubalika, na mahali pa kuipata, kwa yule atakayekutwa na ugonjwa. Ukiishika hiyo, bei ya hema na bei ya kadi zinakaa pembeni. Unauliza: nikikutwa nacho, nakwenda wapi kesho asubuhi?

Kuna vipimo vya bei nafuu vinavyofaulu swali hilo vizuri kuliko vya viti laini. Mimi nilikwenda zahanati ya serikali kupimwa mlango wa kizazi, bila kadi na bila senti. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupimwa akifika miaka 30, na mwenye virusi vya Ukimwi aanze na 25. Nesi anapaka siki ya hospitali, anangoja dakika moja, anatazama kama pana weupe. Ukionekana, mara nyingi panatibiwa hapo hapo kwa joto au baridi kabla ya kufika kuwa saratani. Nilitoka kabla kengele ya mapumziko ya saa nne haijalia shuleni. Wale wanawake watatu niliowakuta kwenye benchi walikuwa wananong'ona kwa hofu kana kwamba wanakwenda kupasuliwa, na naliandika hili ili mwingine aliye nyumbani na hofu hiyo hiyo aende.

Na yuko mama yangu wa Muheza. Kila mwezi anatembea hadi zahanati na daftari lake la shule, nesi yule yule anampima kwa mashine ile ile, anaandika tarehe na namba. Mwezi uliopita ilikuwa 138 kwa 84. Dawa zikiisha zahanati ananunua duka la dawa, na akikosa hela ananipigia simu. Hana kadi yetu, hajawahi kuona mashine ya umeme wa moyo, na presha yake imetulia kuliko ya mwenzake wa Morogoro. Sisemi kwamba CHF inamtosha. Akihitaji kuonwa na bingwa tutahangaika, na jambo hilo linaniuma kila ninapotazama ile nafasi ya sita.

Mama mkwe amerudia vidonge vyake. Makopo mawili yaliyobaki aliyapeleka hemani kudai hela yake, akakuta hema limehama. Kilichonishangaza ni alichofanya baadaye. Kwenye mkutano wa kikoba alisimama akawaeleza wenzake yote, pamoja na kizazi, neno lililokuwa halitoki kinywani mwake kwa wanawe. Kisha akamwomba nesi wa zahanati yetu aje na mashine ya presha. Nesi akaja. Mama mwenyewe akawa msimamizi: kila mmoja akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi usio na shati, na hakuna kupiga soga. Wanawake wale wazima walitii.

Mwenzao mmoja, anayeuza vitumbua kituo cha mabasi, alipimwa 182 kwa 110. Akapumzishwa, akarudiwa. Siku nyingine zahanati, ikawa vile vile. Hakuwa na dalili yoyote. Nesi akamwambia aanze dawa na apime figo na sukari, na yule mama akauliza, "Mimi sina bima. Mbona mmenipima?"

Swali hilo lilinichoma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na muuza vitumbua yule ndiye aliyekusudiwa, lakini dirisha la malipo linataka jibu leo. Kwenye kikoba kuna mfuko wa jamii, na kwa katiba yao hutolewa kwa msiba na uzazi tu. Mwenyekiti akaisoma katiba. Mama mkwe akamwuliza, "Kwa hiyo tunangoja afe ndipo tumchangie?" Walibishana mchana kutwa. Wengine waliogopa kwamba kila mwenye kichwa kinachouma atakuja kudai, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mfuko ni mdogo. Mwishowe wakakubaliana: presha na sukari zilizothibitishwa na zahanati mara mbili, kipimo cha figo, na dawa za miezi mitatu, kisha wakae tena. Mwandishi akaongeza kifungu kwenye daftari. Mweka hazina akawaita wenye funguo, wote watatu, na sanduku likafunguliwa.